Wimbo Alioshindwa Kuusoma Jocelyne

Jocelyne Kabulo alisuka nywele kwa miaka kumi na minne, tangu akiwa msichana kule Kalemie, Kongo, hadi alipokuwa mama wa binti mmoja mjini Johannesburg. Mwaka 2017 vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Kilianza kidole gumba cha mkono wa kulia, kisha viwili vinavyokifuata. Siku moja kitana kilimponyoka, naye akaendelea kuchambua nywele kwa mkono mtupu mpaka mteja akamwonyesha kilipoanguka. Muuguzi wa kliniki alimweleza kwamba kuna mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono kwa kazi ile ile ya kila siku, na kwamba dawa ya kwanza ni kuacha kusuka.

Jocelyne alicheka. "Nikiacha, nani atanilisha? Wewe?"

Nitayataja makosa yake bila kuyapunguza, ila ni haki kuanza na vidole hivyo. Alihitaji kazi isiyofanywa kwa vidole, na alikuwa na kipaji kimoja tu kingine: sauti.

Sisi Wakongo wa mtaa wa Observatory, hapa Johannesburg, tunasali katika ukumbi wa kukodi, na kwaya yetu inafundishwa na Évariste Mulongo, ambaye mchana ni mlinzi wa jengo la ofisi kule Braamfontein. Évariste ana sikio la ajabu. Akisikia wimbo mara mbili kwenye simu, anaweza kumpa kila mtu sehemu yake, soprano, alto, tenori na besi, bila kuandika chochote. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu, kwa sikio, sauti moja baada ya nyingine, mpaka wimbo ukakaa. Hakuna aibu katika hilo. Kosa lilianza siku alipolionea aibu.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 2016, tulipoimba pamoja na kwaya ya Wakenya waliotoka Midrand. Wao walishika karatasi zenye noti. Mmoja wao akamuuliza Évariste kwa heshima kama sisi tunasoma noti za mistari mitano au zile za herufi.

"Zote mbili," alisema Évariste.

Wiki ile ile alimwomba mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuwa akipita langoni pake kila siku, amchapishie kitu chochote cha noti kutoka kwenye intaneti. Mwanafunzi akamletea orodha ya maneno sitini na manne ya muziki, iliyotungwa kwa ajili ya Wajapani wanaojifunza maneno hayo kwa Kiingereza. Safu ya kwanza ilikuwa ya alama zenyewe, ya pili ya Kijapani, ya tatu ya Kiingereza. Zile alama hazikutoka. Printa ilichapa vijisanduku vitupu kutoka juu hadi chini. Évariste akaongeza safu ya Kifaransa alichokikumbuka cha shuleni, na nyingine ya Kiswahili alichokitunga mwenyewe, akapiga kopi ishirini na kutangaza kozi ya solfège, yaani ya kusoma noti, kila Jumamosi baada ya mazoezi.

Somo la kwanza, papa Placide, besi wetu mzee, aliinua karatasi na kuonyesha safu ya Kijapani.

"Mwalimu, hivi vijumba vyenye vijiti vijiti ndizo noti zenyewe?"

"Hicho ni Kijapani, papa. Hicho ni cha mwaka wa pili."

"Basi mniombee nifike mwaka wa pili," alisema Placide, na ukumbi mzima ukacheka. Évariste naye alicheka, ila jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Walijifunza maneno kwa kukariri. Mwalimu anataja jina, darasa linataja maana. Jocelyne aliibandika orodha kwenye kioo cha saluni ya Brigitte, huko Yeoville, alikokuwa na kiti chake. Brigitte ndiye aliyemsikiliza huku wote wawili wakisuka.

"Fermata!"

"Alama ya kushikilia noti kupita muda wake."

"Kama wewe na kichwa cha huyu mama. Tangu saa mbili asubuhi umekishikilia."

"Mimi nilidhani mmenisahau," alisema mama mwenye kichwa.

Jocelyne alijua hata mtego unaowanasa wengi wetu, kwamba krocheti ya Waingereza ni ile noti ya pigo moja tunayoiita noire, wala si croche yetu, ambayo ni nusu yake. Desemba 2017 alitahiniwa maneno yote sitini na manne na hakukosa hata moja.

Kwetu hakuna kozi isiyoishia kwa brevet. Mtu akijifunza cherehani wiki sita, atapewa brevet. Akijifunza kupamba keki, brevet. Cheti kina muhuri na sahihi mbili, kuna majoho ya kukodi na utepe begani, kuna mpiga picha na soda na mchungaji wa kufunga kwa sala. Watu kumi na saba walivaa majoho siku ile wakapigiwa vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyeombwa kuimba mstari mmoja kutoka kwenye karatasi. Nilikuwepo, na mimi nilipiga makofi. Jocelyne aliitwa wa kwanza. Aliniambia baadaye kwamba alipokuwa ameshikilia cheti kifuani alijiuliza: wakinipa ukurasa wa noti sasa hivi, nitafanya nini? Kisha mpiga picha akamwambia atabasamu.

Brevet ilitundikwa saluni, juu ya kioo. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata aliingia mteja mpya, Mkenya aitwaye Jemimah, mwanamke mchangamfu wa umri wa Jocelyne. Alikaa, akavua kitambaa, akasoma ukuta.

"Hii cheti ni ya nani?"

"Ni yangu, madame."

"Wacha! Ya muziki? Haya, minimu yenye nukta ni mapigo mangapi?"

"Matatu."

"Na semibrevi?"

"Manne. Sisi tunaiita ronde."

"Shapu?"

"Inapandisha noti kwa nusu hatua. Usitikise kichwa, madame, nitakosea mstari."

Jemimah akacheka. Akaeleza kwamba yeye huendesha darasa la muziki la watoto kule Midrand, katika ukumbi wa mtaa wao wenye geti. Wengi ni watoto wa Wakenya wanaofanya kazi kwenye mabenki na makampuni. Wanaelewa Kiswahili, ila ukiwauliza jambo wanajibu kwa Kiingereza, na wazazi wameona nyimbo ndizo zitakazowarudisha. Alitaka mwalimu wa alasiri tatu kwa wiki na Jumamosi, mtu mwenye Kiswahili na muziki vyote pamoja.

"Lakini unasoma noti, eh? Si kutaja tu majina?"

Jocelyne alikuwa na nywele za Jemimah mkononi. Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Si unaona brevet, madame."

Hakutamka uongo. Aliuelekezea kidevu tu. Lakini mtu anayeulizwa jambo moja waziwazi na kujibu kwa kuonyesha karatasi amekwisha kujibu, na jibu hilo ni lake.

Aliiacha saluni mwezi wa nne. Brigitte alimbusu mashavu yote mawili, akampa kiti hicho msichana kutoka Burundi kabla ya wiki kuisha.

Kwa miezi mitatu kazi ilikwenda vizuri mno. Watoto kumi na wanne walimpenda. Aliwafundisha nyimbo alizozijua tangu utoto, aliwapigisha mapigo kwa viganja na kwa kijiti, na maneno ya orodha aliyageuza kuwa mchezo wa kukimbizana. Mtoto mmoja, Jelimo, msichana wa miaka saba, alikuwa hasahau kitu. Ukimpa mstari mara moja, kesho anao. Jocelyne alimpenda kuliko wengine na hakuficha.

Na vidole vikaanza kurudi. Asubuhi moja ya Julai, kwenye baridi kali, alishika kikombe cha chai akahisi joto lake kwa vidole vyote vitano. Alikaa na kikombe kile mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa nane Jemimah alisafiri wiki tatu kwenda Kenya kumchukua mama mkwe wake. Kabla ya kuondoka alimpa Jocelyne ukurasa mmoja.

"Mama Shekinah, huu ni wa Ogutu," alisema. Shekinah ndiye binti ya Jocelyne, na Ogutu ni mume wa Jemimah, mtu mkimya wa benki. "Ameuandika miezi sita. Akitoka kazini anajifungia nao chumbani. Ni wa mamake. Hajamwimbia mtu yeyote. Anataka mama ausikie mara ya kwanza kwa watoto, siku ya wazazi. Nikirudi ni Ijumaa, na siku yenyewe ni Jumamosi, kwa hivyo nakuachia kila kitu."

"Sawa, madame."

"Uko sawa na ukurasa? Hakuna mahali pagumu?"

"Hakuna."

Sasa uongo ulikuwa umetamkwa.

Nyumbani aliuweka ukurasa mezani. Wakati huo alama alizijua, maana alikwisha kuzitafuta kwenye simu wiki ya kwanza ya kazi ili asije akaaibika mbele ya watoto. Kwa hiyo alizitaja moja moja kwa kidole. Huu ni ufunguo wa soli. Hizi ni flati mbili. Hii ni krocheti, hii ni minimu, hapa pana pumziko la pigo moja. Alitaja kila kitu kilichokuwa kwenye ukurasa ule kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakusikia hata sauti moja. Ilikuwa kama kusoma majina ya watu asiowajua.

Mapigo tu ndiyo aliyoyapata, kwa kuwa mapigo alikuwa ameyafundisha. Aliyagonga mezani pamoja na maneno ya wimbo, yanayomsimulia bibi anayepanda ndege mara ya kwanza akiwa amekumbatia kikapu chake. Mapigo yalikaa. Sauti haikuja.

Shekinah, binti wa miaka kumi na minne, alimtafutia wimbo huo kwenye intaneti. Haukuwepo, na usingeweza kuwepo. Kisha akamwambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba kwenye simu kuna piano. Mama ataje jina la noti, yeye atabonyeza, wataupata wote kidogo kidogo mpaka jioni.

"Mimi nina brevet," alisema Jocelyne kwa Kiswahili. "Siendi kufundishwa na mchezo wa simu."

Mlango ulikuwa wazi hapo, na ni mtoto wake aliyeufungua. Aliufunga mwenyewe. Umaskini haukumlazimisha, wala vidole. Ni kiburi cha kutotaka binti yake ajue.

Kesho yake alishuka Braamfontein, akamkuta Évariste kwenye kibanda chake cha ulinzi.

"Ya Évariste," alisema, akimwita kaka kwa desturi yetu, "niimbie mstari wa kwanza. Mmoja tu."

Évariste alivaa miwani, akausogeza ukurasa mbali, akausogeza karibu. "Hum. Nani ameandika hii?"

"Bwana Ogutu. Mkenya."

"Ndiyo maana. Wakenya wanaandika ovyo. Ona, ameweka flati mbili hapa mwanzoni, za nini?"

"Flati mbili ni neno la ishirini na tisa. Wewe ndiye ulitufundisha."

"Iache hapa. Pita Jumatano."

"Sipiti Jumatano. Niimbie sasa. Noti nne."

Gari lilipiga honi. Évariste alitoka, akainua kizuizi, akamsalimu dereva, akashusha kizuizi. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Aliporudi alivua miwani.

"Jocelyne, mimi nilikaa kwenye solfège miezi minne, Likasi, nikiwa mtoto. Mwalimu alihamishwa. Nilibaki na majina."

"Na brevet ulizotupa?"

"Mlifurahi. Watu wamepiga picha, wametuma kwa mama zao. Ungetaka niseme nini mbele ya mchungaji?"

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Wewe?" Évariste alimtazama kama mtu aliyeonewa. "Wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote. Maneno sitini na manne! Nilidhani umekwisha kuelewa, na siku moja utaniuliza swali."

Kisha Évariste akampa ushauri, na nauandika kwa sababu kwa masikio yetu ulikuwa ushauri wa kawaida kabisa. "Fanya kama tunavyofanya siku zote. Maneno unayo, mapigo unayo. Tia sauti yako. Wewe ukitia sauti kwenye maneno, nani atalalamika?"

Ni kweli kwamba kwaya zetu hufanya hivyo. Mtu akileta maneno asubuhi, jioni yana sauti, na hakuna anayeuliza sauti ya kwanza ilikuwa ipi. Lakini maneno hayo huwa hayana sauti nyingine. Haya yalikuwa nayo. Kuna mtu aliyekaa nayo miezi sita akimfikiria mama yake. Jocelyne alilijua hilo alipokuwa akitembea kurudi kituoni, na alipofika nyumbani alikuwa na nusu ya sauti yake mwenyewe kichwani.

Ilikuwa sauti nzuri. Hilo ni lazima lisemwe. Watoto waliishika kwa siku mbili, na Jelimo akawa anawaongoza wenzake kwenye ubeti wa pili.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mama yake Ogutu alikaa kiti cha mbele, kilemba cha kitenge kichwani, mkoba mapajani, bado na uchovu wa safari. Ogutu alikaa kando yake. Watoto walipoanza, alianza kugonga mapigo gotini kwa kidole. Kwenye mstari wa kwanza uso wake ulikunjamana kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kwenye mstari wa tatu kidole kilisimama. Hakukiinua tena.

Bibi alilia, akawaita watoto wote awashike mikono. Makofi yalikuwa mengi. Watu wakaelekea kwenye meza ya sambusa na chai.

Ogutu alimjia Jocelyne akiwa na Jemimah. Alitabasamu kama mtu anavyotabasamu mbele ya wageni.

"Mama Shekinah, asante. Wameimba vizuri sana. Wimbo mtamu, pengine unaushinda wangu. Lakini si wangu."

"Aki Ogutu, si wako kivipi?" Jemimah alimtazama mumewe, kisha Jocelyne. "Kwani watoto waliubadilisha? Wajua watoto ni hivyo, ukigeuka tu wameweka yao."

Mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa, na huu ulielekea kubaya. Jocelyne aliniambia kwamba aliuona vizuri kabla ya kupita.

"Ni watoto," alisema. "Niliwarekebisha mara nyingi, wakarudia vile vile."

Jelimo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, sambusa mkononi, na Kiswahili alikielewa chote.

"Lakini Ticha," alisema kwa Kiingereza, bila ubishi wowote, kama anayemsaidia mtu aliyesahau, "tuliimba vile ulivyotufundisha. Mstari kwa mstari."

Mama yake, aliyekuwa nyuma yake na kikombe cha chai, alimgeukia. "Jelimo! Ndivyo unavyomjibu mwalimu? Omba msamaha."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu wake. Alimsubiri. Watu wazima wanne walikuwa wamesimama pale, na mmoja wao aliujua ukweli.

"Samahani, Ticha," alisema Jelimo.

"Haya," alisema Jocelyne.

Jumapili alikuja kanisani lakini hakupanda jukwaani. Baada ya ibada aliwaita wenzake wa brevet nyuma ya ukumbi, akawaambia yote: kwamba hawezi kusoma, kwamba Évariste hawezi, kwamba walichopewa ni majina matupu. Nilisimama karibu, nikategemea mshangao. Papa Placide akasema, "Mimi nilijua. Nilidhani nyinyi wengine mnaweza, nikanyamaza nisiwe mjinga peke yangu." Mmoja baada ya mwingine wakakiri hivyo hivyo. Watu kumi na saba, na kila mmoja alikuwa amejificha nyuma ya kumi na sita.

Kisha wakamkasirikia. Wangeweza kumkasirikia Évariste, lakini walimkasirikia aliyesema.

"Kwa hiyo sasa tushushe vyeti ukutani?" mmoja alimuuliza. "Mimi mkwe wangu amekiona."

Évariste alikuwa akikusanya vipaza sauti. Jocelyne alimwomba afunge darasa jipya, lililokuwa na watu ishirini na mbili.

"Majoho yamekwisha kukodiwa," alijibu, na akaendelea kukunja waya. Darasa hilo lilimaliza mwezi wa kumi na moja, wakapewa brevet zao. Sikuhudhuria.

Jumatatu mchana Jocelyne alifika Midrand saa moja kabla ya watoto. Jemimah alikuwa akipanga viti. Jocelyne alimweleza akiwa amesimama, tangu karatasi ya Kijapani hadi lile "haya" alilomjibu mtoto. Jemimah aliweka kiti chini taratibu akakaa juu yake.

"Ungeniambia siku ile ya ukurasa," alisema. "Mama Shekinah, mimi ni mwalimu. Mtu asiyejua kusoma noti ndiye kazi yangu. Tungekaa na wewe hapa, mwezi mmoja, miwili."

"Najua, madame."

"Hujui. Ogutu alihisi tangu Jumamosi, na amesema nikuache ubaki. Amesema wimbo ataufundisha mwenyewe, yaishe. Na mimi karibu nikubali." Alifuta kiti kingine kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Lakini Jelimo aliomba msamaha kwa kusema kweli. Na wewe ukaupokea. Hawa ni watoto wa watu. Siwezi kukuacha nao."

Jocelyne alijua maana yake. Kiti chake kwa Brigitte kilikuwa na mtu. Angezunguka kwenye nyumba za wateja, akisuka amesimama, na muuguzi alikwisha kumwambia mwisho wa vidole hivyo ni upi. Hakuomba. Kwa hilo namheshimu, na ni jambo la kwanza katika habari hii ninaloweza kusema hivyo bila kusita.

Aliomba jambo moja tu, kwamba awaone watoto kabla hajaondoka. Jemimah alifikiri. "Nitakuwepo," alisema.

Watoto walikaa sakafuni kama kawaida. Jocelyne hakuketi.

"Jumamosi niliwaambia watu kwamba nyinyi mlikosea wimbo," alisema. "Hamkukosea. Bwana Ogutu aliandika wimbo mwingine, mimi sikujua kuusoma, nikatunga wangu nikawafundisha. Mliimba nilichowafundisha. Jelimo alisema kweli. Mimi nilisema uongo."

Watoto wadogo hawajazoea kusikia mtu mzima akisema hivyo. Mmoja alicheka kwa woga. Mwingine aliuliza kama sasa wausahau ule wimbo, na Jocelyne akasema hajui, waulize Bwana Ogutu.

Jelimo aliinua mkono.

"Ile samahani yangu," alisema, safari hii kwa Kiswahili, akitafuta maneno. "Naweza kuichukua?"

"Ichukue. Ilikuwa yako." Jocelyne aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Sasa chukua na yangu. Samahani, Jelimo."

Mtoto alimtazama muda mrefu. Hakusema kwamba yamekwisha, na Jocelyne hakumwomba aseme.

Jemimah alikuwa ameleta kinanda kutoka nyumbani. Alikaa, akausimamisha ukurasa wa mumewe mbele yake, akacheza mstari wa kwanza polepole, mara mbili. Jocelyne aliusikia akiwa mlangoni, mkoba begani. Ulishuka pale yeye alipokuwa amewapandisha watoto, ukakaa chini kidogo, ukasubiri, kisha ukainuka. Watoto walijaribu wakapotea, maana masikio yao yalikuwa yamejaa ule mwingine.

"Tena," alisema Jemimah.

Jocelyne alitoka, akaurudisha mlango taratibu.